Kidoti cha Buluu

Jumanne, tarehe 3

Nimeanza kuandika shajara. Nina jambo la kusema na sina wa kumwambia, na mimi nikikaa na jambo tumboni chakula hakishuki.

Jambo lenyewe ni mwanangu. Mhandisi wa maji. Si fundi bomba, kama anavyopenda kusema Wifi. Mhandisi, mwenye ofisi, kiti kinachozunguka na kofia ngumu nyeupe. Mimi niliishia darasa la saba na cherehani moja, na kwa cherehani hiyohiyo nimemshonea njia mpaka chuo kikuu. Nisipojisifu mimi, nani atanisifu? Marehemu baba yake alikuwa mzito wa kusifu.

Sasa. Zile mvua kubwa zilizopita, alipokuwa akitumwa kukagua mabomba kwenye mafuriko, aliniwekea ramani kwenye simu. Juu ya ramani kuna kidoti cha buluu. Kidoti ndiye yeye. Akienda, kinakwenda. Akisimama, kinasimama. Alisema ni ili nisiwe na wasiwasi. Mvua zimekwisha siku nyingi. Yeye kasahau kukizima. Mimi sikumkumbusha.

Kutwa nakitazama huku nashona. Kidoti ofisini. Kidoti kantini. Kidoti kimerudi ofisini, mapema kuliko vidoti vya wenzake, nina hakika. Raha yake haielezeki. Ni kama enzi zile akiwa mchanga, nilivyokuwa nikimsikiliza akipumua.

Lakini jioni hii tena, kama Alhamisi iliyopita, kidoti hakikuja nyumbani moja kwa moja. Kilipita duka la dawa, kikaingia uchochoro wa nyuma, kikatulia juu ya nyumba moja. Kikatulia kweli. Aliporudi nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote, alikuwa wapi. Akaanza kusema ka, ka, ka, nami nikamalizia: kazini. Huwa namsaidia hivyo. Mwanangu hana papara ya maneno. Neno likikwama, mimi nalitoa. Tumezoeana tangu utoto wake: dukani nasema mimi, shuleni nasema mimi, kwenye simu nasema mimi.

Kazini! Nyuma ya duka la dawa kuna ofisi gani ya maji?

Jumatano, tarehe 4

Wifi kaja kuchukua gauni lake. Huyu ni dada wa marehemu, na ndiye msimamizi wa kundi la ukoo kwenye simu. Mwanawe yuko ng'ambo. Kila asubuhi Wifi hututumia picha ya kifungua kinywa cha huyo mwana. Mayai. Kila siku mayai. Ukoo mzima tunaandika mashallah na hongera, kwa mayai.

Akajitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku, akasema gauni linambana. Gauni halimbani. Ni yeye anayelibana gauni. Kisha, kama mtu anayeulizia bei ya uzi, akauliza mbona siku hizi Mhandisi harudi nyumbani moja kwa moja jioni za Jumanne na Alhamisi. Nikamwambia ana vikao vya ngazi ya juu.

"Huko nyuma ya duka la dawa?" akauliza.

Sindano ikaniingia kidoleni.

Basi Wifi naye amemwona. Sasa ni mbio. Haiwezekani Wifi ajue siri ya mwanangu kabla yangu. Nimewaza mengi: mchumba, ugonjwa, biashara ya pembeni, ganzi ya jino. Nimeikuza ramani kwa vidole viwili hadi mwisho wake. Inaonyesha paa. Bati la kijivu, limepata kutu upande mmoja. Wataalamu wameweza kupiga picha bati kutoka mbinguni ila wameshindwa kulifunua kidogo mtu aone ndani. Walichoka, nadhani.

Alhamisi, tarehe 5

Siku ya maajabu.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kidoti kilipoingia uchochoroni, nami nyuma yake, tepu shingoni, penseli sikioni. Geti la njano. Nagonga, nasema nimekuja kupima mapazia. Wao watasema hawakuagiza mapazia. Wakati wanasema, mimi nachungulia juu ya bega lao, nashuhudia, naomba radhi, naondoka.

Dada wa kazi akafungua. Akasema afadhali umefika, tunamsubiri mtu wa mapazia tangu wiki iliyopita.

Ningefanyaje? Nikapima. Nikapima sebule, nikapima korido, nikapima jikoni. Sijaona nyumba yenye madirisha mengi kama ile. Mwishoni kulikuwa na mlango umefungwa, dada akaniambia kile chumba nikiache, kina watu. Akarudi jikoni. Mimi nikaanza kupima fremu ya mlango, kwa utulivu, sikio likiwa limegusa ubao kwa bahati mbaya.

Nikasikia sauti ya mwanangu. Taratibu, laini, kama mtu anayetembeza mtoto kwenye ukuta. Ba. Ba. Ba. Kisha, ma. Ma. Ma. Sauti ya mwanamke ikasema vizuri sana, rudia. Akarudia. Baba. Mama.

Nikaacha kupima. Nani hufundishwa kusema baba na mama? Mtoto mchanga! Mwanangu ana mtoto. Mtoto aliyekwishafika umri wa kutamka, na bibi yake yuko nje anapima fremu!

Mtu mwingine angesukuma mlango. Mimi nilimkumbuka Wifi na mayai yake. Nikatoa simu, nikabonyeza pale pa kurekodi, nikanong'ona: Wifi, ukoo umepata mtu mpya, sikiliza mwenyewe. Nikaiweka simu kwenye tundu la ufunguo nayo isikilize kidogo. Ba. Ba. Ma. Ma. Nikatuma.

Kwa furaha sikutazama nilipobonyeza. Ujumbe haukwenda kwa Wifi. Umekwenda kwenye kundi lote.

Haidhuru. Habari njema haina haja ya kupangiwa foleni. Nimerudi nyumbani nimekata kigauni cha pamba, cheupe, kinachofaa mvulana au msichana. Kipimo nimekisia. Mtoto wa kusema ba, ba, ma, ma kifua chake hakinipi taabu.

Ijumaa, tarehe 6

Kigauni kina pindo zuri sana. Nimekiweka chini kabisa ya sanduku.

Asubuhi simu ya Mhandisi ilianza kutetemeka mezani kabla hajakaa. Maua. Picha za vitoto vimevaa masikio ya sungura. Hongera baba. Mjomba mkubwa kapendekeza jina la mtoto, la kwake mwenyewe. Mwanangu akasoma. Akasoma tena. Akanitazama. Nikamwambia asione haya, mimi ni mama yake, anikabidhi tu mjukuu wangu.

Kabla hajajibu, Wifi akaingia kundini. Ameandika kwamba ameusikiliza ule ujumbe mara tatu kwa vile vidude vya masikioni. Kwamba pale hakuna mtoto. Kwamba ile ni sauti ya Mhandisi mwenyewe anafundishwa kusema, kigugumizi chake kinatibiwa. Akamalizia: maskini, kumbe.

Lile "maskini" likanichoma kama pasi.

Katika nyumba yetu neno kigugumizi halijawahi kutamkwa. Sasa limeandikwa mara nyingi kuliko salamu. Ushauri ukamiminika. Asali. Kokoto chini ya ulimi. Apulize maputo. Aimbe badala ya kusema. Binamu mmoja akauliza kama ule ujumbe anaweza kumtumia rafiki yake mwenye tatizo kama hilo, na bila kusubiri jibu akasema ameshatuma. Wote kwa upendo. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu wangecheka.

Mhandisi akaweka simu chini.

"Mama," akasema. "Hi... hi..."

"Hili," nikamsaidia.

Akainua mkono, kama askari wa barabarani. Nikafumba mdomo. Tukakaa. Chai ikapoa. Niliona shingo yake inavyofanya kazi, nami nikawa najikaza tumbo, na neno ninalo, liko hapa kwenye meno yangu, zima, tayari. Sikulitoa.

"Hili lilikuwa langu," akasema. "Nilitaka nikae nalo pe... peke yangu kwanza. Halafu ningekuletea."

Kisha akanieleza yote, polepole, mimi nimebana midomo. Anakaimu ukuu wa kitengo. Jumatatu atasimama ukumbini mbele ya wakazi, awaeleze kwa nini maji yatakatika mabomba yakibadilishwa, na wakubwa wake watakaa mstari wa mbele. Akiweza kusema na watu, cheo ni chake. Asipoweza, anapewa mwenzake, bwana mmoja wa maneno matamu ambaye hajui bomba linaanzia upande gani. Hilo la mwisho nimeongeza mimi. Mwalimu wake ni mama mmoja aliyekuwa mtangazaji wa redio, sasa amestaafu. Alimchagua kwa sababu pale hakuna anayemjua. Pale anaweza kuanguka bila mtu kukimbia kumshika.

Akavaa kofia yake, akatoka.

Baadaye nilifungua ramani. Barabara zipo. Duka la dawa lipo. Kidoti hakipo. Nimeikuza, nimeipunguza, nimeizima simu na kuiwasha. Mji mzima, na hamna mtu ndani yake.

Jumamosi, tarehe 7

Leo kwa Mhandisi nimepata maneno matatu tu: ndiyo mbili na hapana moja.

Mchana Wifi kaja kunipa pole. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanishika mkono, akaweka uso wa huruma. Mimi mtu akinionea huruma hufunguka kama zipu mbovu. Nimemwambia yote. Jumatatu, hotuba, wakubwa, cheo, bwana wa maneno matamu.

Alipofika tu kwake, tangazo kundini: Jumatatu ukoo mzima tunakwenda kumtia moyo kijana wetu. Amekodi basi dogo. Anataka vitambaa vya rangi moja, nivishone mimi, leo. Watakaa mbele. Kila Mhandisi akikwama, Wifi ataanzisha makofi ili kumpa nguvu.

Nikaona giza. Nikaandika kwamba mwenyewe hataki. Wakajibu kwamba huo ni unyenyekevu, ndivyo alivyolelewa. Mimi ndiye niliyemlea hivyo, nimekwama kwenye sifa zangu mwenyewe.

Kuna kitu kimoja tu. Sikumwambia Wifi ni ukumbi gani. Katika kulia nilisahau. Sasa anauliza. Kundi zima linauliza. Nimeandika kwamba simu yangu inaishiwa chaji.

Jumapili, tarehe 8

Nimepata mpango. Sijui kwa nini serikali hainitumii.

Nimeliandikia kundi kwamba ukumbi ni mgumu kuelekeza, una njia nyingi, basi kesho wafuate kidoti changu. Nitatangulia, wao nyuma. Kisha nikakaa na simu nikajifundisha. Bonyeza, bonyeza, kubali, kubali, kubali. Hapo kwenye kukubali kuna maandishi mengi madogo, mtu mwenye kazi zake hawezi kuyasoma. Na mimi nikawa kidoti.

Nikaona nijaribu kama kinafanya kazi. Nikaenda dukani. Mara binamu akaandika: naona uko dukani, niwekee chumvi. Nikapita kwa msusi. Mke wa mjomba akauliza nasuka mtindo gani, tena kwa umri wangu huu. Nikarudi nyumbani, nikaenda msalani. Nilipotoka nikakuta ujumbe wa Wifi: mbona umekaa hapo nyuma ya nyumba muda mrefu, tumbo linasumbua?

Nilitafuta pa kukizimia, sikupaona. Kutwa nimetembea na ukoo mzima mgongoni. Ni hali ya ajabu, kama mtu anayesoma gazeti lako juu ya bega lako, tena anakuhimiza ufungue ukurasa. Nikajiuliza kama Mhandisi naye alijisikia hivyo. Nilitaka kulifikiria zaidi, lakini nguo za watu zilikuwa nyingi.

Jumatatu, tarehe 9

Mhandisi ametoka asubuhi na shati nililopiga pasi mara mbili. Hakuniuliza kama nitakwenda. Nilitaka kumwambia nimeshapanga kila kitu. Nikamnyooshea tu kola.

Nilisubiri aondoke, nikatia simu kifuani, nikaelekea upande mwingine kabisa wa mji. Huko kuna ukumbi wa vyama vya ushirika. Sikujua ndani kuna nini leo. Niliona viti na watu, nikaingia, nikakaa. Baada ya nusu saa, basi dogo hilo. Ukoo huo, vitambaa vya kijani. Wifi akapita moja kwa moja mpaka mstari wa mbele na watu wake wote.

Ilikuwa semina ya ufugaji nyuki.

Bwana wa nyuki akafurahi kupita kiasi. Hajawahi kupata wahudhuriaji waliovaa sare. Kila Wifi aliponigeukia kuuliza Mhandisi anapanda saa ngapi, nilimwambia huu ni utangulizi, maji na nyuki vinahusiana. Mjomba mkubwa akauliza maswali mengi ya malkia. Wifi akachaguliwa kuvaa kile kikofia cha wavu mbele ya watu, na alipokivaa hakuweza kusema na mtu wala kushika simu. Nilimwomba Mungu bwana yule asikivue.

Kwenye ukuta kulikuwa na saa. Ilipofika wakati wenyewe niliacha kumsikia bwana wa nyuki. Mwanangu sasa anasimama. Sasa anakohoa kidogo, kama kawaida yake. Sasa analitafuta neno la kwanza. Siku zote nimekuwa karibu yake linapokwama, na leo niko huku, mwisho wa mji, kati ya mizinga. Nimefumba midomo pale kwenye kiti kama vile yuko mbele yangu. Jirani yangu akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Wifi alipogundua, hasira zake siziandiki hapa. Ameniondoa kwenye kundi. Heri. Ila mjomba mkubwa ametoka pale ameshaweka oda ya mizinga.

Jioni nikapika, nikapanga meza, nikaapa sitauliza. Mhandisi akaingia, akavua viatu, akanawa. Sikuuliza. Akala. Sikuuliza. Nilikuwa naelekea kupasuka, nikachukua pasi nikaanza kunyoosha shati lililokwishanyooshwa.

Akaanza mwenyewe.

Alikwama kwenye neno mabomba. Akakwama kweli, mkubwa wake akatazama viatu. Mama mmoja wa mstari wa mbele, kwa wema wake, akapaza sauti kummalizia. Mwanangu akainua mkono. Akasubiri. Neno likatoka, na baada yake mengine yakafuata, mengine kwa kuburutwa, mengine yenyewe. Wakazi wakamuuliza maswali mpaka muda ukaisha. Walikasirika sana kuhusu maji. Hakuna aliyeshughulika na ulimi wake. Mkubwa amempa mkono na barua ya cheo inaandaliwa.

Nilitaka kujua huyo mama wa mstari wa mbele ni nani, nimchukie vizuri. Lakini sikumkatiza. Habari yote alinipa kwa kinywa chake, hadi mwisho, na mimi sikuongeza neno hata moja. Nililia kidogo kwenye shati. Nikasema ni mvuke wa pasi.

Kisha akasema aliniona kwenye kundi, siku nzima, kidoti changu kwenye nyuki. Shangazi yake alimpigia kunishtaki. Mwanangu alicheka mpaka akashika meza. Akanizimia kidoti mwenyewe, palikuwa ni kubonyeza mara moja tu. Akaniomba ahadi: nisimfuate tena anakokwenda. Wapi yuko, ni shauri lake.

Nimeahidi. Nimeweka mkono juu ya cherehani na kuapa. Na mimi nikiapa nimeapa.

Jumamosi, tarehe 14

Barua ya cheo imetoka juzi. Mkuu wa kitengo. Nimewaambia wateja wote, na wawili ambao si wateja walikuwa wanapita tu.

Nikaona mama lazima amzawadie mwanawe. Nimekwenda dukani nimemnunulia saa ya mkononi, nyeusi, ya kisasa, kioo chake kinang'aa kama kidimbwi. Jana nimemvika mwenyewe. Amefurahi, ameniambia sikupaswa kujigharimu. Leo anafanya kazi nusu siku, ameivaa.

Muuza saa ni kijana msomi, alinieleza kila kitu. Ana moyo wa kuelimisha. Saa hiyo kwa chini ina taa ndogo ya kijani inayotazama mshipa. Inahesabu mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu ya yeyote mwenye mapenzi mema na mvaaji. Akaniunganishia simu yangu palepale. Bonyeza, bonyeza, kubali.

Nilimuuliza mara mbili kama saa hiyo inaonyesha mtu yuko wapi. Akasema inaweza, nikipenda. Nikakataa katakata, nikamwambia aondoe hiyo kabisa, mimi ni mtu wa kiapo. Niliahidi wapi. Moyo haukutajwa.

Asubuhi yote umekwenda vizuri, moyo wa mkuu wa kitengo, tik, tik, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Nimeshona magauni mawili huku nautazama. Hauna haraka. Moyo wa mtu aliyelelewa.

Lakini muda si mrefu uliopita ukapanda ghafla. Nikadhani ngazi. Simu ikaandika kwamba mvaaji ameketi. Ameketi, na moyo unakwenda mbio namna hii? Ukatulia. Ukapanda tena. Anayeingia ofisini humo na kutoka na kuingia tena ni nani?

Sitamfuata. Nimeapa.

Ila nimekumbuka kwamba ile ofisi haina mapazia.

Tepu iko wapi?